Vilivyomo ndani ya Kichupa: Aina za Chanjo katika Kadi ya Mtoto wa Arusha

Kadi ya kliniki anayopewa mama baada ya kujifungua, awe mkazi wa Elerai, Sombetini au Moshono katika Jiji la Arusha, au wa kijiji kilicho juu kwenye miteremko ya Mlima Meru, ina visanduku vinavyojazwa tarehe kadiri mtoto anavyokua, na kando ya visanduku hivyo yameandikwa majina ya mkato ambayo wazazi wengi huyatamka bila kuelezwa yana maana gani: BCG, OPV, Penta, PCV, Rota, IPV, MR. Majina hayo hayatofautiani kwa magonjwa yanayokingwa tu. Yanatofautiana pia kwa kile hasa kilichomo ndani ya kichupa, kwa kuwa baadhi ya vichupa vina vimelea vilivyo hai, vingine vina vimelea vilivyouawa, vingine vina sumu iliyoondolewa makali, na vingine vina kipande kimoja tu cha kimelea, tena kipande kilichotengenezwa na chembe za hamira. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kwa nini chanjo moja hutolewa mara moja na nyingine mara tatu, kwa nini moja huacha kovu na nyingine huleta homa ya usiku mmoja, na kwa nini chanjo ya surua husubiri miezi 9 ilhali ile ya kifua kikuu hutolewa mara tu mtoto anapozaliwa. Mzazi anayeuliza maswali hayo anastahili jibu kamili, na jibu hilo huanzia kwenye aina ya chanjo yenyewe.

Chanjo zote, hata zikitofautiana vipi, zinategemea uwezo mmoja wa mwili, nao ni uwezo wa kukumbuka. Kimelea kigeni kinapoingia mwilini, seli za ulinzi zilizotawanyika chini ya ngozi na kwenye utando wa pua, koo na matumbo hukimeza, hukivunja, kisha hubeba vipande vyake hadi kwenye tezi za limfu, yaani zile tezi ambazo watu huziita mitoki zinapovimba shingoni, kwapani au kinenani. Vipande hivyo, ambavyo wataalamu huviita antijeni, huonyeshwa kwa chembe nyeupe za damu za aina mbili: seli B, ambazo hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa kimelea hicho na si kingine, na seli T, ambazo baadhi yake huziongoza seli B na nyingine huziua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili mwili unapokutana na kimelea kwa mara ya kwanza, na katika magonjwa kama surua au dondakoo muda huo unatosha kumpoteza mtoto. Mapambano yakiisha, seli chache za aina zote mbili hubaki kama seli za kumbukumbu, nazo zikikutana tena na antijeni ileile, hata baada ya miaka mingi, huamka katika muda wa siku chache na kutoa kingamwili nyingi na bora kuliko za awali. Chanjo humpa mtoto kumbukumbu hiyo bila kumlipisha gharama ya kuugua.

Ugumu wote wa kutengeneza chanjo umo katika swali la kiasi gani kitu kinachodungwa kifanane na kimelea halisi. Kikifanana nacho sana, mwili hujifunza vizuri na kwa muda mrefu, lakini hatari huongezeka na utunzaji huwa mgumu. Kikiwa mbali nacho, usalama huongezeka, lakini mwili unaweza kukipuuza, hivyo hulazimika kurudiwa mara kadhaa au kuongezewa kitu cha kuuamsha.

Chanjo ya kwanza katika kadi, BCG, iko upande wa kimelea hai. Daktari Albert Calmette na daktari wa mifugo Camille Guérin walianza mwaka 1908, katika Taasisi ya Pasteur mjini Lille, Ufaransa, kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo ya ng'ombe, wakawa wanawahamishia kwenye viazi vipya kila baada ya wiki chache, mara zipatazo 230, kwa miaka 13. Bakteria hao waliozoea maisha ya viazi na nyongo walipoteza uwezo wa kuumiza mwili, ingawa waliendelea kuishi na kuzaana, na mwaka 1921 chanjo yao ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa mtoto mchanga mjini Paris. Nchini Tanzania hudungwa ndani ya tabaka la juu la ngozi, kwenye bega la kulia, na kwa sababu bakteria wake ni hai, baada ya wiki chache hutokea kipele kinachogeuka kuwa kidonda kidogo, hutoa usaha kidogo, hukauka chenyewe na kuacha lile kovu la duara ambalo Watanzania wengi wanalo. Kidonda hicho ni alama kwamba kinga inafanya kazi, kwa hiyo hakipaswi kupakwa dawa ya kienyeji, mafuta wala dawa ya kuua vijidudu.

Haifai, hata hivyo, kuisifu BCG kupita uwezo wake. Inamkinga vizuri mtoto mdogo dhidi ya kifua kikuu kinachoshambulia utando wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima, lakini kinga yake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa watu wazima ni dhaifu, na ndiyo maana wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, ambao mapafu yao huharibiwa na vumbi la mawe, wanaendelea kuugua na kupelekwa Hospitali ya Kibong'oto wilayani Siha licha ya makovu yao ya begani.

Chanjo ya surua na rubela, inayoandikwa MR, nayo ni hai. Virusi vya surua vilivyozaa chanjo ya kwanza vilichukuliwa mwaka 1954 kwa mwanafunzi mgonjwa wa karibu na Boston na timu ya John Enders, vikaoteshwa tena na tena katika seli za binadamu na za kifaranga ambacho hakijaanguliwa hadi vikasahau namna ya kumuumiza binadamu, na chanjo ikaidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963. Kwa kuwa virusi hivyo ni hai, ni lazima vizaane kidogo mwilini ndipo mwili ujifunze, na hapo ndipo lilipo jibu la swali la miezi 9: mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili alizopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma, nazo huvinasa virusi vya chanjo kabla havijazaana, hivyo chanjo ikitolewa mapema mno hupotea bure. Katika miezi 9 kingamwili za mama zimepungua kwa watoto wengi, ila si kwa wote, na dozi moja katika umri huo huwakinga takriban watoto 85 katika kila 100. Dozi ya pili ya miezi 18 iliwekwa kwa ajili ya wale waliobaki. Inasikitisha kwamba ndiyo dozi ambayo wazazi huisahau kwa urahisi zaidi, kwa sababu mtoto anatembea, ana afya na mama amekwisha kurudi kwenye shughuli zake, ilhali surua huambukiza kwa kasi kiasi kwamba ni lazima watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe na kinga ndipo isipate njia ya kupita.

Surua ina ndugu wa karibu ambaye historia ya nchi iliyozunguka Mlima Meru haiwezi kuelezwa bila yeye, naye ni sotoka ya ng'ombe. Virusi vya magonjwa hayo mawili ni vya ukoo mmoja, na wanasayansi wanaamini kwamba surua ya binadamu ilitokana na kimelea cha kale cha ng'ombe. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa mno ya mifugo ya Wamasai na majirani zao, na ndui ikafuata kwa watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria aliyepita nchi hiyo mwaka 1892, aliwakuta Wamasai waliokonda hadi mifupa katika eneo la Ngorongoro. Tiba ya balaa hilo ilipatikana si mbali na hapo. Huko Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walivipitisha virusi vya sotoka takriban mara 90 katika seli za figo la ndama, wakapata virusi hai vilivyodhoofika moja kwa moja, na chanjo yao, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, ndiyo iliyowezesha dunia kutangaza mwaka 2011 kwamba sotoka imetokomezwa, ikiwa ni ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia baada ya ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977.

Muguga hiyohiyo ilitoa chanjo nyingine ambayo wafugaji wa Arusha, Monduli na Simanjiro wanaifahamu kuliko wataalamu wengi wa mjini, nayo ni ya ndigana kali. Ugonjwa huo huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachoenezwa na kupe, na hakuna aliyefanikiwa kukidhoofisha kwa viazi wala kwa seli za figo. Watafiti walichagua njia ambayo kwa chanjo ya binadamu isingekubaliwa kamwe: hukusanya kupe walioambukizwa, huwasaga, hupata vimelea vyenye makali yake yote, kisha humdunga ndama vimelea hivyo wakati uleule anapodungwa oksitetrasaiklini inayokaa mwilini kwa siku kadhaa. Ndama huambukizwa kweli, lakini dawa huupunguza ugonjwa nguvu hadi kinga inapojengeka, na kwa kawaida hubaki na kinga hiyo maisha yake yote. Mchanganyiko wa vimelea vya aina tatu unaotumika unajulikana kwa jina la Muguga, nao husafirishwa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ukiwa ndani ya mirija myembamba ambayo ikishayeyushwa na kuchanganywa ni lazima itumike siku hiyohiyo, kwa hiyo wafugaji hukusanya ndama wao pamoja kabla mtaalamu hajaufungua mtungi. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni, na tangu chanjo hiyo ilipoanza kuenea kaskazini mwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990, hereni hiyo imekuwa ikimpandisha bei mnadani. Kwa mpangilio wa chanjo, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ugonjwa halisi, na ukali wake unaonyesha kwa nini chanjo za watoto zilitafuta njia nyingine.

Hata kimelea kilichodhoofishwa vizuri kina uwezekano mdogo wa kujirudi, na polio ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Matone ya OPV, yaliyobuniwa na Albert Sabin, yana virusi hai vinavyozaana katika utumbo wa mtoto, vikajenga kinga palepale polio inapoingilia, kisha vikatoka na kinyesi na kuwafikia hata watoto wa jirani ambao hawakuchanjwa. Faida hiyo ni kubwa katika maeneo yenye vyoo hafifu, na ndiyo iliyoisaidia Tanzania kufikia mwaka 1996 kama mwaka wa mwisho wa mgonjwa wa polio ya asili. Hata hivyo, mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, virusi vya matone vinaweza kuzunguka kwa miezi mingi, vikabadilika kidogokidogo na kurudia uwezo wa kupoozesha, jambo lililothibitishwa Sumbawanga, mkoani Rukwa, mwaka 2023 alipopatikana mtoto aliyepooza kwa virusi vya aina ya 2 vya namna hiyo, na kampeni ya chanjo ikafanyika katika mikoa ya magharibi na kusini magharibi. Sababu ya tukio kama hilo si wingi wa matone bali uchache wake, kwa kuwa virusi hivyo havipati njia pale ambapo karibu kila mtoto amechanjwa.

Ndiyo maana kadi ya mtoto ina matone na pia ina sindano ya IPV, iliyoingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2018. Hiyo ni chanjo ya virusi vilivyouawa kwa fomalini, kwa njia iliyobuniwa na Jonas Salk na kuidhinishwa mwaka 1955. Virusi vilivyokufa haviwezi kuzaana wala kubadilika, kwa hiyo haviwezi kumpoozesha mtu yeyote. Kingamwili zinazotokana navyo huzunguka katika damu na kuvizuia virusi vya polio visifike kwenye mishipa ya fahamu, ila hazijengi kinga imara ndani ya utumbo kama matone. Mtoto anayepata zote mbili anafunikwa kila upande. Kwa Rota, ambayo nayo ni hai na hutolewa mdomoni kuzuia kuhara kukali, hakuna haja ya maelezo marefu, kwa kuwa inafuata mantiki ileile ya matone ya polio.

Chanjo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Penta, ile sindano ya paja la kushoto inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa sababu kichupa chake kimoja kina chanjo tano na ndani yake zimo aina nne tofauti za ufundi. Kifaduro kimo kwa njia ya kale, yaani bakteria wazima waliouawa, wakiwa na mamia ya protini zao, na hao ndio hasa wanaoleta homa, kulia na uvimbe wa paja usiku wa siku ya chanjo. Homa hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, nayo hutokana na mwili kuitambua maiti ya bakteria kuwa kitu kigeni, si na ugonjwa wa kifaduro.

Dondakoo na pepopunda zimo kwa njia nyingine kabisa, kwa kuwa katika magonjwa hayo anayeua si bakteria bali sumu anayoitoa. Bakteria wa pepopunda huishi katika udongo na samadi, vitu visivyokosekana katika mashamba ya migomba na mazizi ya miteremko ya Meru, na sumu yake kidogo sana inatosha kukaza misuli ya mwili mzima hadi mgonjwa ashindwe kupumua. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur aligundua kwamba sumu ikichanganywa na fomalini na kuwekwa katika joto la kadiri kwa wiki kadhaa hupoteza makali yake yote lakini hubaki na umbo lake, hivyo mwili huitambua na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Sumu iliyofishwa namna hiyo huitwa toksoidi. Kwa kuwa sumu ya pepopunda huua kwa kiasi kidogo kuliko kiasi kinachohitajika kuufundisha mwili, mtu aliyepona pepopunda anaweza kuugua tena na ni lazima achanjwe kama wengine, hali ambayo haipo katika surua. Kingamwili za toksoidi hupita pia kwenye kondo la nyuma, na sindano ya mama mjamzito humkinga mtoto atakayekatwa kitovu. Kwa njia hiyo Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii.

Kipengele cha nne, homa ya ini aina ya B, ni protini moja tu ya ganda la nje la kirusi. Wanasayansi huchukua maelekezo ya kinasaba ya protini hiyo, huyaingiza katika chembe za hamira, na chembe hizo huitengeneza kwa wingi ndani ya matangi, bila kirusi kizima kuwapo popote katika kiwanda. Kipengele cha tano, kinachokinga dhidi ya bakteria aitwaye Hib, anayesababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia, kilidai ujanja zaidi, kwa kuwa bakteria huyo amejifunika koti la sukari, na mfumo wa kinga wa mtoto wa chini ya miaka 2 hauwezi kujifunza kutokana na sukari peke yake. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuiunganisha sukari na protini ambayo mwili unaitambua, mara nyingi toksoidi ya pepopunda au ya dondakoo. Seli B huinasa sukari, huimeza pamoja na protini, kisha seli T zinazotambua protini huisaidia seli B hiyo kukomaa na kukumbuka. Chanjo za namna hii huitwa chanjo ambatani, na PCV, sindano ya paja la kulia iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013 pamoja na Rota, ni ya kundi hilo: PCV13 ina makoti ya sukari ya aina 13 za bakteria wa nimonia, kila moja likiwa limefungwa kwenye protini yake.

Vipengele hivyo visivyo hai ndivyo vinavyohitaji kurudiwa na kuongezewa kikoleza, yaani kitu kinachouamsha mwili mahali pa sindano, ambacho katika Penta ni chumvi ya alumini. Dozi ya kwanza huanzisha seli za kumbukumbu, ya pili na ya tatu huzichuja hadi zibaki zile zinazonasa kwa nguvu zaidi, na mtoto aliyeishia dozi moja amebaki na kinga hafifu inayopungua haraka.

Kanuni hiyo ya kurudia ina upekee mmoja ambao Tanzania ilichangia kuuthibitisha. Chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, imetengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi, ambayo ikitolewa kiwandani hujikusanya yenyewe na kuwa duara lenye umbo kamili la kirusi lakini tupu ndani, lisilo na chembe yoyote ya urithi. Mpangilio wake wa kujirudiarudia juu ya uso wa duara huzigusa seli B sehemu nyingi kwa wakati mmoja na kuziamsha kwa nguvu isiyo ya kawaida. Tanzania iliijaribu kwanza Kilimanjaro mwaka 2014, ikaieneza nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na wakati huohuo utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza ukawafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliopewa dozi moja, mbili au tatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili baada ya miaka miwili, na pamoja na utafiti wa Kenya uliopima kinga yenyewe dhidi ya maambukizi, yaliisaidia WHO kukubali mwaka huohuo ratiba ya dozi moja. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia kwenye dozi moja. Wasichana wa Mwanza waliotoa damu yao kwa utafiti huo wamerahisisha chanjo hiyo kwa wenzao duniani kote, na jambo hilo halijatangazwa vya kutosha hata nyumbani kwao.

Bagamoyo na Korogwe zilifanya kazi ya namna hiyo kwa chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, iliyojaribiwa kwa watoto na vichanga 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Malaria ni ngumu kwa sababu kimelea chake hubadilisha umbo mara kadhaa mwilini, na chanjo hiyo hulenga protini ya umbo la kwanza tu, lile linaloingizwa na mbu na kukimbilia ini. Protini hiyo imebebeshwa juu ya protini ya homa ya ini B na kuongezewa kikoleza chenye dawa inayotoka kwenye gome la mti wa Chile. Iliwapunguzia watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne vipindi vya malaria kwa takriban theluthi moja katika miaka minne, kiwango cha chini ukilinganisha na surua, lakini si kidogo mahali ambapo mtoto mmoja huugua mara kadhaa kwa mwaka.

Aina mpya kabisa ziliingia nchini kwa pamoja wakati wa UVIKO-19. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo tarehe 28 Julai 2021 kwa dozi zaidi ya milioni 1 za Janssen, kisha zikaja Sinopharm, Pfizer na Moderna, na wahudumu wa utalii wa Arusha, ambao ajira zao zilitegemea kufunguliwa kwa safari, walikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuchagua kati ya chanjo ambazo hakuna aliyewaeleza tofauti zake. Sinopharm ilikuwa ya kale, virusi vilivyouawa kama IPV. Janssen ilitumia kirusi cha mafua kisichoweza kuzaana, kilichobebeshwa maelekezo ya protini moja ya kirusi cha korona. Ni kundi la virusi wabebaji, ambalo ndugu yake, chanjo ya Ebola iliyobebwa na kirusi cha mifugo, ilitolewa kwa zaidi ya watu 300,000 mashariki mwa Kongo katika mlipuko wa 2018 hadi 2020. Pfizer na Moderna hazikuwa na kirusi chochote, bali uzi wa RNA uliofunikwa kwa mafuta, ambao ni nakala ya maelekezo ambayo seli huisoma, ikatengeneza protini, kisha ikaivunja nakala yenyewe katika siku chache. RNA hiyo haiingii kwenye kiini cha seli inakohifadhiwa DNA, na kwa hiyo uvumi kwamba inabadilisha urithi wa mtu hauna msingi. Katalin Karikó na Drew Weissman walitunukiwa Nobel mwaka 2023 kwa kugundua namna ya kuibadilisha RNA hiyo kidogo ili mwili usiishambulie kabla haijasomwa.

Aina ya chanjo huamua pia mateso ya anayeitunza. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai huwadanganya wengine kudhani kwamba ubaridi hauidhuru chanjo, ilhali Penta na PCV, zenye chumvi ya alumini, huharibika zikiganda: alumini hujikusanya kuwa chembe nzito, na kichupa kilichoganda kikitikiswa na kuwekwa mezani kando ya kile kisichoganda, chenyewe hutulia na kuacha mashapo chini na maji maangavu juu. MR na BCG, zilizo katika unga mkavu, hazidhuriki na barafu, lakini joto huwaua viumbe waliomo. Kwenye kichupa kuna alama ya duara yenye mraba mweupe ndani, na joto linavyoingia mraba huo huwa mweusi polepole. Ukifanana na duara au ukawa mweusi kulipita, kichupa hutupwa.

Tatizo gumu zaidi huanza unga wa MR ukishachanganywa na kiyeyusho chake. Kichupa huwa na dozi 10 na kisipotumika ndani ya saa 6 humwagwa, kwa hiyo muuguzi mwenye watoto wawili tu mbele yake hulazimika kuchagua kati ya kufungua na kumwaga dozi nane, au kuwaambia mama hao warudi siku ambayo watoto wa chanjo ya surua watakuwa wengi. Mwongozo sahihi ni kufungua, kwa kuwa dozi zinazomwagwa ni rahisi kuliko mtoto asiyerudi. Bado, muuguzi anayejua kwamba shehena ijayo iko mbali huona uzito wa uamuzi huo kila wiki, na si haki kumlaumu bila kumpa vichupa vya kutosha. Kinachotafutwa sasa ni kibandiko kidogo chenye vijisindano visivyoonekana vizuri kwa macho, vilivyopakwa chanjo kavu ya surua na rubela, kinachobandikwa kwenye ngozi kwa dakika chache bila bomba la sindano wala kiyeyusho. Utafiti uliofanyika Gambia kwa watu wazima, watoto na vichanga, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kibandiko hicho ni salama na huamsha kingamwili kwa kiwango kinacholingana na cha sindano. Kitakapopita majaribio makubwa yanayofuata, kila mtoto atapata cha kwake, na hakutakuwa tena na haja ya kumsubirisha mmoja ili wafike wengine.